Kikaragosi asiyejua Kiingereza: jinsi nyimbo na michezo inavyowarudishia watoto lugha ya Kicherokee

Mtoto wa miaka minne anayesoma chekechea mjini Tahlequah, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, hugundua jambo moja mapema sana: kila mtu mzima aliye mbele yake anajua Kiingereza. Mwalimu anakijua. Mama anakijua, na mara nyingi hana lugha nyingine. Hata bibi aliyezaliwa na kulelewa kwa Kicherokee anakijua, kwa sababu alilazimishwa kujifunza. Basi mtoto huyu akiwa na kiu, ahangaike ya nini kutafuta neno la Kicherokee wakati Kiingereza kitamletea maji papo hapo? Mtoto mdogo hazungumzi lugha kwa sababu ni urithi wa mababu. Anazungumza ile inayomfikishia haja yake.

Sasa mlete dubu. Dubu wa kitambaa, anayevaliwa mkononi, mwenye mdomo unaofunguka na kufumba. Dubu huyu anaitwa Yona, maana yona ndilo neno la Kicherokee la dubu, na sharti lake ni moja tu: hajui Kiingereza hata chembe. Ukimsemesha Kiingereza anainamisha kichwa, anakuna sikio, anamgeukia mwalimu kama mtu aliyepotea njia. Ukimwambia kwa Kicherokee, anaruka kwa furaha. Mtoto anajua vizuri kwamba ndani ya dubu kuna mkono wa mwalimu. Lakini anaukubali mchezo, na akishaukubali, kwa mara ya kwanza siku hiyo amekutana na mtu ambaye haiwezekani kuongea naye ila kwa Kicherokee.

Nimeanza na hili kwa sababu watu wengi wakisikia kwamba lugha fulani inafundishwa kwa nyimbo na vikaragosi (papeti, kama wasemavyo wengi Kenya) hudhani ni mapambo tu, kitu cha kuwachangamsha watoto kabla ya somo lenyewe. Kwa Kicherokee hali ni tofauti. Kila kimoja kina kazi yake ambayo kingine hakiiwezi, na ili kuona ni kazi gani inabidi kuingia kidogo ndani ya lugha yenyewe.

Kwanza, lugha ilifikaje hapa. Nchi ya asili ya Wacherokee ni milima ya kusini mwa Appalachia, sehemu ambazo leo zimegawanywa kati ya North Carolina, Tennessee, Georgia na majimbo jirani. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji, na mwaka 1838 na 1839 Wacherokee wapatao 16,000 waliondolewa kwa mtutu wa bunduki na kupelekwa magharibi, katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu 4,000 hivi walikufa katika msafara huo. Wachache walibaki milimani, na vizazi vyao ndio kundi la mashariki, Eastern Band ya leo, huko North Carolina. Kwa hiyo lugha moja ikawa na makao mawili yaliyotenganishwa na zaidi ya kilomita 1,000.

Kuhamishwa hakukuiua lugha. Pigo kubwa zaidi lilikuja na shule za bweni za serikali na za wamisionari, ambako mtoto aliyeteleza akasema Kicherokee alichapwa au kuoshwa mdomo kwa sabuni. Msomaji aliyesoma Kenya na kuvalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hahitaji kuelezwa sana. Watoto wale walikua, wakapata watoto wao, wakaamua kwamba hawatawapitisha kwenye mateso yale. Wakawalea kwa Kiingereza. Ni uamuzi uliotokana na mapenzi, na ndio uliokata mnyororo.

Mwaka 2019 mataifa matatu ya Wacherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani (Cherokee Nation, United Keetoowah Band na Eastern Band) yalikutana na kutangaza hali ya dharura ya lugha. Wazungumzaji waliokulia kwenye Kicherokee walikuwa wamebaki takriban 2,000, wengi wao wazee. Cherokee Nation peke yake leo ina raia zaidi ya 450,000. Ukiweka namba hizo mbili kando kwa kando, utaelewa kwa nini mwalimu wa chekechea Tahlequah anashika dubu wa kitambaa kwa uzito wote ule.

Tuje kwenye nyimbo. Kicherokee kina mwandiko wake, uliobuniwa na Sequoyah, fundi wa fedha ambaye hakujua kusoma Kiingereza. Aliukamilisha mwaka 1821. Kila alama inasimamia silabi nzima, na leo zinatumika alama 85. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti yake Ayoka, mtoto wa miaka sita hivi, ambaye baba alimtumia kuwathibitishia wazee kwamba alama zile si uchawi: Sequoyah aliandika maneno aliyotajiwa, Ayoka akaitwa kutoka mbali, akayasoma. Miaka michache baadaye, mwaka 1828, taifa likawa na gazeti lake, Cherokee Phoenix, lililochapishwa New Echota kwa Kicherokee na Kiingereza.

Ukilitazama jedwali la Sequoyah katika mpangilio wake wa kawaida, Mswahili utajisikia nyumbani. Irabu zimepangwa a, e, i, o, u, kama zetu, na kufuatiwa na ya sita inayoandikwa v kwa herufi za Kilatini. Kisha safu baada ya safu: ga, ge, gi, go, gu, gv, la, le, li, lo, lu, lv, sa, se, si, so, su, sv. Sisi tulioimbishwa ba, be, bi, bo, bu tukiwa tumekaa chini kwenye mkeka tunajua mara moja jedwali kama hili linataka nini: linataka kuimbwa. Ndivyo watoto wa Kicherokee wanavyolijua, kwa wimbo, mstari kwa mstari, mwalimu akigusa alama kwa fimbo.

Katika wimbo huo mtoto hajifunzi maana ya neno lolote. Anajifunza kinywa. Ile irabu ya sita ni sauti ya katikati inayopitia puani, ambayo Kiingereza hakina hivyo hivyo, na mtoto aliyeirudia mara nyingi akiimba haioni ngeni tena atakapoikuta ndani ya nvgi, yaani nne. Kuna pia sauti ya tl, na kile kikwazo kifupi cha koo kinachokata silabi katikati. Sauti hizi ukimweleza mtoto kwa maneno utapoteza muda wako. Akiziimba, koo linazoea lenyewe.

Wimbo pia hushika maneno mahali pake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwahi kuwafundisha watu wazima 60 mafungu ya maneno ya Kihungari kwa dakika 15: baadhi waliyarudia kwa kusema, baadhi kwa mdundo, baadhi kwa kuimba. Walioimba waliyakumbuka vizuri zaidi walipotakiwa kuyasema. Walikuwa watu wazima na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo zaidi ya uwezo wake. Lakini Wacherokee walikuwa na ushahidi wao siku nyingi. Kitabu cha tenzi kwa Kicherokee kilichapwa New Echota mwaka 1829, na tenzi zimeendelea kuimbwa makanisani na mazikoni kwa karibu karne mbili. Wapo watu wasioweza kuagiza chakula kwa Kicherokee ila wanaimba tenzi hizo beti zote bila kutazama kitabu. Mwaka 2000 Cherokee Nation ilianzisha kwaya ya vijana inayoimba kwa Kicherokee, na kwa wengi wa vijana hao mlango wa kwanza wa lugha ulikuwa pale kwenye mazoezi ya sauti.

Mfano huo huo wa tenzi unaonyesha pia mahali wimbo unapoishia. Mtu anaweza kuimba maisha yake yote na asiseme. Wimbo hukupa maneno yaliyokwisha kupangwa na mtu mwingine, kwa mpangilio usiobadilika. Hukuachii nafasi ya kuchagua, na kuzungumza ni kuchagua.

Kuna tatizo jingine. Kicherokee ni lugha ya toni. Neno linaloandikwa “ama” linaweza kuwa maji au chumvi, na kinachotenganisha ni urefu wa irabu na jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Mwandiko wa Sequoyah hauonyeshi tofauti hiyo; msomaji anaijua kwa kuisikia. Sasa chukua wimbo maarufu wa watoto wa Kiingereza, uutie maneno ya Kicherokee. Muziki unapanda pale neno linapotaka kushuka, unafupisha silabi iliyopaswa kuvutwa. Mtoto anabeba neno lenye toni iliyopinda, na kwa kuwa wimbo hukaa sana kichwani, kosa nalo hukaa sana. Ndiyo sababu naamini wimbo wa mistari miwili uliotungwa na mzungumzaji mzee, ambaye tuni yake imefuata mwenendo wa maneno yenyewe, una thamani kuliko nyimbo ishirini za kuazima. Kutunga hivyo ni kazi ngumu. Maneno ya Kicherokee ni marefu, na mstari uliotoshea maneno manne ya Kiingereza pengine unatosha neno moja tu.

Urefu huo unatupeleka kwenye kiini cha mambo, yaani kitenzi.

Nyimbo nyingi za watoto, katika lugha yoyote, hukusanya majina: rangi, wanyama, viungo vya mwili, hesabu. Sawu, tali, tsoi, nvgi, hisgi: moja hadi tano. Wesa ni paka, tsisdu ni sungura, saloli ni kindi, waya ni mbwa mwitu. Yote ni mazuri, na mzazi anayemsikia mwanawe akiyataja hufurahi. Lakini Kicherokee hakiishi kwenye majina. Kinaishi kwenye vitenzi. Sentensi nzima inaweza kuwa kitenzi kimoja chenye viambishi mbele na nyuma, na hapo Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza, maana sisi pia tunasema ninakupenda kwa neno moja lenye mtendaji, wakati na mtendewa ndani yake. Mtoto anayejua majina mia ya wanyama bila vitenzi bado hajaanza kusema.

Na vitenzi vya Kicherokee vinabagua mambo ambayo hata sisi hatuyabagui. Tazama kwenda. Gega ni ninakwenda, hega unakwenda. Ukitaka kusema tunakwenda, lazima kwanza ujue ni nani hasa. Inega ni mimi na wewe, wawili tu. Osdega ni mimi na mwenzangu, wewe haumo. Idega ni sisi sote na wewe ukiwemo. Otsega ni sisi wengi, wewe ukiwa nje. Kiswahili kinaiweka hali yote hiyo kwenye tunakwenda na kumwachia msikilizaji akisie.

Ukimwandikia mtoto wa miaka mitano jedwali hilo ubaoni utamkimbiza. Lakini mpe mwalimu vikaragosi viwili, dubu na sungura. Dubu anamshika sungura mkono, anamtazama sungura usoni: inega! Wanaondoka. Kisha wanarudi, dubu anamgeukia mtoto, bado amemshika sungura: osdega. Wanaondoka, na mtoto ameachwa. Uso wake unabadilika, kwa kuwa ameielewa sarufi kwa kuachwa nje. Mara ya tatu dubu anawazungushia mkono watoto wote: idega! Wote wanasimama na kuzunguka darasa. Hakuna aliyetafsiri chochote. Mtoto aliyeudhika kwa osdega na kufurahi kwa idega hatazichanganya tena kirahisi, na kesho yake atataka yeye ndiye ashike dubu ili amwache mwalimu nje.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi. Sisi tukitaka mtu ampe mwenzake kitu, tunasema mpe. Mpe paka, mpe shati, mpe maji, kitenzi hakijali. Kicherokee kinajali sana. Kwa vitenzi vya kupeana, kubeba na kushika vitu, lazima uchague umbo la kitenzi kulingana na kitu chenyewe, na makundi ni matano. Kiumbe hai: hikasi. Kitu laini kinachokunjika, kama nguo au kamba: hinvsi. Kitu kirefu kigumu, kama fagio au penseli: hidisi. Kitu cha mviringo au kilichojikusanya, kama kitabu au chakula: hivsi. Kitu cha majimaji: hinevsi. Yote matano ni mpe. Ngeli zetu za Kiswahili zinagawa majina na kuvuta viambishi vya kitenzi vifuate; hapa anayebadilika ni kitenzi chenyewe, ndani kabisa.

Somo lake linaweza kufanyika hivi. Kapu limewekwa katikati ya duara. Ndani mna shati, penseli, tofaa na kikombe cha maji. Pembeni yumo paka wa mkononi, ambaye ndani ya mchezo ni mzima kama watoto wenyewe. Dubu anakaa na kusubiri, mdomo wazi. Mwalimu anamwambia mtoto wa kwanza: hinvsi. Hakutaja shati. Hakuonyesha kwa kidole. Neno lenyewe limekwisha sema kwamba kinachotakiwa ni kitu laini, na ndani ya kapu kipo kimoja tu. Mtoto akichukua penseli, dubu anaipokea, anaigeuza, anajaribu kuivaa kichwani, haivaliki, anairudisha kapuni kwa masikitiko. Watoto wanacheka, na yule aliyekosea anacheka pia kwa kuwa kosa limekuwa la dubu. Anajaribu shati. Dubu anajifunika, anafumba macho, anakoroma. Zamu inayofuata: hinevsi, na mtoto wa pili, aliyekuwa akitazama kwa makini, ananyanyua kikombe taratibu asimwage.

Hapo kuna mambo matatu kwa mpigo. Mtoto amesikia kitenzi kikitenganishwa na jina, jambo ambalo wimbo wa majina haulifanyi. Amekijibu kwa mwili kabla hajatakiwa kukijibu kwa kinywa, na hivyo ndivyo kila mtoto anavyojifunza lugha yake ya kwanza: anatii amri miezi mingi kabla ya kuamuru. Tena amekosea bila aibu. Wiki chache baadaye majukumu yanabadilishwa. Mtoto ndiye anamtaka dubu ampe yeye, na hapo kiambishi cha mbele kinageuka, kinakuwa sgivsi, nipe, kwa kile cha mviringo. Asiposema sawasawa, dubu anampa kitu kingine. Sarufi imekuwa na matokeo.

Kuna jambo dogo la ufundi ambalo sijaona watu wakilitaja sana, nami linanifurahisha. Wanaochezesha vikaragosi kwa kusema bila kuonyesha midomo yao ikicheza wana maadui wanaojulikana: b, p, m, f na v, sauti ambazo haziwezi kutoka bila midomo kukutana au kugusa meno. Kiswahili kwao ni mtihani. Jaribu kusema “mama na baba wamefika mapema” midomo ikiwa imetulia. Kicherokee hakina b, hakina p, hakina f, wala ile v ya midomo na meno. M ipo, lakini katika maneno machache, kama lile “ama” tulilolitaja na “kamama”, yaani kipepeo. Mama ni etsi, baba ni edoda, bibi ni elisi. Karibu lugha nzima inazungumzwa nyuma ya meno. Mwalimu wa kawaida kabisa, asiye na mafunzo ya jukwaa, anaweza kumpa dubu sauti huku uso wake umetulia, na macho ya watoto yakabaki kwa dubu.

Hadithi nazo zina nafasi yake, na vikaragosi havikosi wahusika. Katika hadithi za Wacherokee mjanja ni Tsisdu, sungura. Anadanganya wakubwa, anaiba, anajisifu, na mara nyingi ujanja unamrudia. Kobe aliwahi kumshinda mbio kwa kuwaweka ndugu zake waliofanana naye juu ya kila mlima, kila sungura akifika kileleni akawa anamwona kobe mbele yake. Aliyelelewa na hadithi za sungura na kobe Afrika Mashariki hatashangaa hata kidogo. Kwa mwalimu, hadithi kama hii ni hazina kwa sababu inajirudia: kila mlima ni tukio lile lile, vitenzi vile vile, na kufikia mlima wa tatu watoto wanasema sentensi ya kobe kabla yake. Hicho ndicho wimbo unachofanya vizuri, kurudia, kikiwa sasa ndani ya jambo lenye maana.

Lakini si kila kitu cha kitamaduni ni cha darasani. Wacherokee wana ngoma zao za usiku kuzunguka moto, kiongozi akiita na wanaume wakiitika, wanawake wakishika mdundo kwa njuga za magamba ya kobe zilizofungwa miguuni. Kwa mpangilio, kuita na kuitikia ni njia bora sana ya kufundisha lugha. Ila nyimbo hizo ni za ibada, na viwanja vingi haviruhusu kurekodi. Mwalimu mwenye heshima anaweza kuazima umbo, ile namna ya kuita na kuitikia, akatunga maneno mapya ya kunawa mikono au kuvaa viatu. Nyimbo zenyewe anaziacha zilipo. Mpaka huu unachorwa na wenye utamaduni wao, si na mtengeneza vifaa vya kufundishia.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mahali siku hizi: kwa nini yote haya yasirekodiwe mara moja, yawekwe mtandaoni, watoto watazame nyumbani? Kurekodi kuna faida zake. Mwaka 2022 ilitoka albamu iitwayo Anvdvnelisgi, yenye nyimbo mpya za wasanii Wacherokee kwa Kicherokee, kutoka muziki wa pop hadi wa kufoka, na kijana wa miaka kumi na tano anayesikia lugha ya bibi yake ikipigwa kwenye spika za gari anapata kitu ambacho dubu wa kitambaa hawezi kumpa. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, skrini ina upungufu uliopimwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha jaribio la watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina katika vipindi 12. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliye hai waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Waliopewa mtu yule yule na maneno yale yale kwenye video, au sauti peke yake, hawakujifunza kitu. Watoto wa miaka minne si wa miezi tisa, lakini mwelekeo ni ule ule: dubu wa kwenye video hawezi kumrudishia mtoto penseli. Hasubiri. Hasikii kwamba mtoto amesema hidisi badala ya hinvsi.

Rekodi ina mtego mwingine pia, wa lahaja. Oklahoma wanashukuru kwa kusema wado. North Carolina wengi husema sgi. S ya magharibi mara nyingi husikika kama sh kwa watu wa mashariki, hivyo salamu ya osiyo, au siyo kwa kifupi, kule milimani inakuwa shiyo. Wimbo mmoja ukienea kwa video kila mahali, lahaja yake inameza nyingine bila mtu yeyote kukusudia. Mwalimu aliyepo darasani anasema kama wazee wa pale wanavyosema.

Kwa hiyo mzigo wote unaangukia kwenye mkono ulio ndani ya dubu. Cherokee Nation ilifungua shule yake ya lugha Tahlequah mwaka 2001, na kule North Carolina kuna New Kituwah Academy. Kote kuwili watoto hupitisha siku kwa Kicherokee, wakifuata njia ambayo Wamaori wa New Zealand na Wahawai waliitangulia miaka ya 1980. Wenye lugha ni wazee, na mzee wa miaka sabini na tano hawezi kukaa sakafuni na watoto wa miaka minne siku nzima akimchezesha sungura. Wenye magoti mazima na ustadi wa ualimu, kwa upande wao, ni kizazi ambacho hakikulelewa na lugha. Mwalimu kijana anaweza kuhifadhi somo la kapu lote, mpe na mpe, na likaenda vizuri hadi mtoto mmoja amuulize dubu kwa nini anakoroma. Hilo halimo kwenye somo. Dubu lazima ajibu, kwa Kicherokee, pale pale, au mchezo unakufa na mtoto anarudi kwenye Kiingereza.

Ndiyo maana ninaona mpango muhimu kuliko yote kwa watoto hawa si wa watoto. Ni ule wa Cherokee Nation wa kuwaweka watu wazima pamoja na wazee wenye lugha saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili, wakilipwa posho ili waweze kuacha kazi nyingine na kusoma. Mwaka 2019 taifa lilitenga dola milioni 16 kwa ajili ya lugha, kwa sheria iliyopewa jina la Durbin Feeling, mwanaisimu Mcherokee ambaye kamusi yake ya mwaka 1975 bado iko mezani kwa kila anayejifunza. Wanaomaliza miaka miwili hiyo wanatarajiwa kuitumia lugha na kuifundisha, na baadhi yao huingia madarasani moja kwa moja.

Linabaki suala la nyumbani, na hapa mzazi Mswahili anayelea watoto Minnesota au Birmingham, anayesema kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza, anaweza kuazima mbinu bila kuomba ruhusa. Kwa familia ya Kicherokee ugumu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mzazi mwenyewe hana lugha ya kumwanzia mwanawe. Anachoweza ni kujifunza naye sambamba: wimbo wa kunawa mikono uimbwe bafuni kwake kama unavyoimbwa shuleni, na dubu mmoja akae nyumbani akiwa na sharti lile lile. Mzazi atajikwaa kwenye hinvsi na hidisi. Mtoto wa miaka mitano atamsahihisha, na atafurahi sana kufanya hivyo.